Mama Mkwe Hawezi Kulala Sharja

Mwaka ule wa tisini na saba, Malaba nzima ilikuwa imeshahamia Sharja isipokuwa Alupo mwenyewe, na ni yeye aliyekuwa amealikwa.

Wauza ndizi walijua anaenda. Madereva wa malori, wanaolala kwenye foleni wakingoja kuvuka kuingia Uganda, walijua. Mama mmoja wa kanisani, ambaye Alupo hakumbuki hata kumpa mkono, alimsimamisha njiani akamwomba kitanda. Ati kwa sababu huko unakoenda watakupa kingine, na mimi mgongo unaniuma. Na kila asubuhi, akiwa ameinama juu ya sufuria za maharagwe na chapati zake ziko motoni, lazima mteja mmoja aje na lile swali.

"Alupo, kumbe bado uko?"

"Niko wapi kwingine? Unaona hii ni roho yangu inakukaangia chapati?"

Watu walicheka, wakala, wakarudi kesho yake na swali lile lile. Ukitaka kumchosha mtu mwenye hasira, usigombane naye. Mpe shauri kila siku. Alupo alikuwa na hasira za karibu, tangu zamani, na walioishi naye walijua kwamba hasira hizo hupita haraka, lakini ukiwa mbele yake wakati zinapita utajuta.

Kisa chenyewe hakikuwa kigumu. Mumewe, Barnabas, alikuwa fundi wa malori pale Malaba. Tajiri mmoja mwenye magari ya mizigo alipenda kazi ya mikono yake, akamchukua hadi Sharja, mji wa jangwani ng'ambo ya bahari, jirani na Dubai. Sasa alikuwa na mwaka wa pili huko. Tajiri amempa nyumba ya familia na kumfungulia njia ya kuleta mke na mtoto, ila kwa sharti moja: kabla mwezi haujaisha aseme kama wanakuja au hawaji. Wasipokuja, nyumba inapewa fundi mwingine, na yeye anarudi kulala na wanaume wenzake, wamepangwa kwa vitanda vya ghorofa mpaka mkataba uishe. Na mkataba ulikuwa bado mrefu.

Alupo alitaka kwenda. Tusizunguke mbuyu. Alimtaka mume wake. Binti yao Christabel alikuwa ameanza kumwonea aibu baba yake kwenye picha, akiletewa picha anajificha nyuma ya mlango, na jambo hilo lilimchoma Alupo kuliko upweke wake yeye mwenyewe. Joto halikumtisha. Mtu aliyesimama miaka kenda juu ya jiko la mkaa kando ya lami atatishwa na joto gani?

Kilichomfunga ni mama yake.

Mama yake, Apeduno, alikaa kijijini Chakol, peke yake, kwenye boma ambalo mume na watoto wengine walikwisha kufa wote, akabaki huyu Alupo mmoja. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu. Alupo alimbembeleza wakaone daktari, akambembeleza tena, hadi akachoka, na kila mara mama alijibu vile vile: "Mimi nimeona vya kutosha." Basi Alupo, baada ya kuuza chakula cha mchana, alikuwa akipanda nyuma ya baiskeli ya boda boda kwenda Chakol kumchotea maji, kumtazama kama amejichoma na moto, na kugombana naye. Halafu anarudi Malaba akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Ungeuliza, si amchukue tu mama aje akae Malaba? Haa! Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Hawa ni Wateso, na Mteso hakai chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawaangaliani usoni, hawasemi ana kwa ana, wala hawatajani majina. Wakilazimika kusema, wanapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki, jamani, ni heshima, na heshima ile ni nzito. Siku moja Barnabas, akiwa amevaa suti ya kuazima akienda harusini, alimwona mama mkwe anakuja na mzigo wa kuni kichwani. Mwanaume akaruka mtaro na suti yake, akajibanza kwenye mihogo ya watu hadi mama akapita. Watu wakasema, huyo kijana amelelewa. Kwa hiyo hata sasa, Barnabas akiwa mbali jangwani, nyumba ya Malaba ilikuwa yake, na mama asingeweka mguu ndani.

Barnabas alipiga simu siku za Ijumaa, ndiyo siku yake ya kupumzika huko. Simu iliingia kwenye duka la Mutwalibu, mwuza sukari na magodoro, aliyekuwa na laini pale mtaani. Alupo alilazimika kungoja Mutwalibu atoke msikitini, avue kofia, afungue duka, ajimiminie chai, ndipo simu ikubali kulia. Na asingengoja peke yake, la. Olinga, ndugu yake Barnabas, alifika kila Ijumaa bila kualikwa, ati kusikia sauti ya ndugu yangu. Madereva walikuja kununua kiberiti kimoja wakakaa. Mazungumzo ya mume na mke yalikuwa yamegeuka kuwa baraza.

"Alupo! Umeamua?" sauti ya Barnabas ikaja kwa mbali, kama anaongea akiwa ndani ya pipa, lakini duka zima likaisikia.

"Salamu kwanza. Ama huko watu hawasalimiani?"

"Yoga, mke wangu. Yoga," akamsalimu kwa Kiteso. "Umeamua?"

"Nimeamua. Nakuja."

Olinga akapiga kofi kaunta.

"Nakuja na Christabel," Alupo akaendelea, "na nakuja na mama."

Simu ikanyamaza, mpaka Mutwalibu akanyoosha mkono kuangalia waya.

"Mama nani?" Barnabas akauliza.

"Mama nani! Nina mama wangapi? Mama yangu Apeduno. Siwezi kumwacha atafute mlango kwa kupapasa, mimi nikiwa ng'ambo."

"Alupo, sikia. Nyumba ni chumba na sebule. Mashine ya kuleta baridi ni moja tu, na iko sebuleni. Huku bila hiyo mashine mtu analala mzima anaamka amekauka kama omena. Spana ukiisahau juani haishikiki. Bomba la maji mchana linatoa maji ya moto na hakuna mtu amewasha kuni. Sasa yeye alale wapi na mimi nilale wapi? Na bafu limo humo humo ndani, mlango wake uko sebuleni. Mama mkwe anisikie nikioga?"

"Weka pazia!" Olinga akapiga kelele kutoka nyuma.

"Pazia linatosha," Mutwalibu akaunga mkono. "Mimi nilipoenda Maka tulilala hemani, watu wa nchi zote, pazia kati, na heshima ilikaa."

Huyu Mutwalibu alikuwa amehiji mara moja, na tangu siku hiyo hakuna mtu Malaba aliyeruhusiwa kulizungumzia jua bila yeye kuwapo.

"Pazia si ukuta," dereva mmoja akasema. "Na hata kama ni ukuta, paa si ni moja?"

"Huko ni ghorofa," akajibu Olinga. "Ghorofa nzima paa ni moja. Kwa hiyo yeyote aliye na mama mkwe kwenye hilo jengo amekosa?"

"Na ndege je? Ndege ina paa."

"Barnabas hatakuwa kwenye ndege, mjinga wewe!"

"Nyamazeni!" Alupo akafoka. "Nyamazeni nyote! Hii ni ndoa yangu au ni mahakama ya chifu?"

Waliponyamaza, laini ilikuwa imekatika. Alupo akairudisha simu mahali pake kwa kishindo, na Mutwalibu akaipangusa simu yake kwa upole, akimtazama kwa jicho la lawama.

Wiki iliyofuata haikuwa wiki, ilikuwa adhabu. Olinga alikutwa jikoni kwa Alupo akipima kwa hatua, kutoka ukutani hadi mlangoni, kwa kuwa alikuwa na ndoto ya mashine ya kusaga unga na nyumba ile iko karibu na barabara.

"Shemeji, napima tu."

"Pima kaburi lako," Alupo akamwambia, "kwa sababu nikikukuta hapa tena utalihitaji."

Mzee mmoja wa ukoo akashauri mbuzi. Mkwe akimpa mama mkwe mbuzi kwa mkono wake, heshima inalegezwa kidogo. Vizuri sana! Na mkono wenyewe uko Sharja. Mbuzi atapelekwa posta? Mchungaji naye akasema mbele ya Mungu hakuna mkwe, hayo ni mambo ya giza. Alupo akamuuliza, kwa sauti ya upole ambayo walioijua waliikimbia, kama yeye mchungaji anakula meza moja na mama mkwe wake. Mchungaji akakumbuka ana mkutano.

Hakuna hata mmoja, kati ya wote hao, aliyemuuliza Apeduno. Na Alupo pia, kusema kweli, hakuwa amemuuliza. Alikuwa amemwamulia. Basi akapanda baiskeli akaenda Chakol, akamkuta mama ameketi kwenye kivuli cha ghala akipepeta wimbi kwa kugusa tu, punje haianguki.

"Mama, Barnabas ametuita. Tunaenda wote watatu."

"Wapi?"

"Si nilishakwambia? Jangwani. Sharja."

"Kuna nini huko?"

"Kuna joto. Maji yanatoka kwa bomba yakiwa ya moto bila kuni."

Mama akaacha kupepeta. "Bila kuni? Hiyo ni nchi ya maana." Akarudi kwenye ungo wake. "Na mkwe wangu atakaa wapi?"

"Tutaweka pazia."

"Mm."

"Usiniambie mm, mama. Sema ndiyo au sema hapana. Kila mtu Malaba ana maneno mdomoni isipokuwa wewe."

"Wewe Ijumaa unaongea naye?"

"Ijumaa."

"Nitakuja nisikie mwenyewe. Jentrix atanisindikiza mpaka barabarani."

Jentrix alikuwa jirani yake, mjane wa makamo mwenye mdomo mkali kama wa Alupo, na ndiyo maana Alupo hakumpenda sana. Lakini siku hiyo hakujali. Alirudi Malaba akiimba juu ya baiskeli, mpaka mwendeshaji akamuuliza kama ameokoka. Mama amekubali! Asingekuja mpaka dukani kama hajakubali. Pazia watanunua huko huko, zito, la kitambaa cha kahawia, na Barnabas atajifunza kuoga kimya kimya kama paka.

Ijumaa ikafika. Apeduno akaletwa amevaa gomesi yake ya buluu, ile ya kanisa na ya matanga, mshipi umefungwa vizuri kiunoni. Alupo akamshika mkono, akampandisha ngazi za veranda ya duka, akamkalisha juu ya gunia la sukari. Olinga alikuwapo. Madereva walikuwapo. Mutwalibu, kwa heshima ya mama, akamtolea chai bila kuomba senti, jambo ambalo halijaonekana tena mpaka leo.

Simu ikalia. Barnabas akaambiwa mama yupo hapo hapo, ana neno.

"Yupo wapi?" sauti yake ikapanda. "Yupo karibu na simu?"

"Nampa."

"Usinipe! Alupo, usi—"

Alupo alikuwa amekwisha kumpa. Apeduno akaupokea mkono wa simu kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepewa kifaranga, akauweka sikioni. Kisha akageuka akaupa mgongo ule mtambo uliokuwa kaunta, akaelekeza uso kwenye magodoro. Akanyamaza. Kule Sharja nako kimya. Dakika za simu ya ng'ambo zinakwenda, na watu wawili wanaheshimiana.

"Ongeeni basi!" Alupo akasema.

"Mwambie mkwe wangu," Apeduno akamwambia Alupo, "nasalimu."

"Mama, umeishika simu wewe! Amekusikia!"

"Mwambie."

Alupo akainama kwenye simu iliyokuwa sikioni mwa mama yake, akapiga kelele: "Anasalimu!"

Halafu sauti ndogo ikasikika: "Mwambie mama nimepokea. Mwambie nasalimu pia."

"Anasema amepokea, anasalimu pia. Ee Mungu, nipe subira."

"Mwambie, nyumba aliyopata ni nzuri?"

"Anauliza nyumba ni nzuri?"

"Mwambie ni nzuri lakini ni ndogo."

"Mwambie, atamtunza mtoto wangu?"

Alupo akafungua mdomo ili arudie, na neno likamkwama, kwa kuwa mtoto aliyetajwa alikuwa yeye. Mama akangoja kidogo. Alipoona hakuna anayelipeleka neno lake, akajigeuza. Akaacha kuwapa uso magodoro, akaelekea simu moja kwa moja, akaukaza mkono wa simu sikioni, akasema kwa sauti ya juu duka zima lisikie:

"Barnabas! Barnabas mwana wa Ongodia! Ni mimi Apeduno naongea. Mchukue mke wako na mtoto wako. Mimi siji. Umenisikia, Barnabas?"

Chai ya Olinga ikamwagika kwenye suruali. Wateso wote pale ndani wakashika vichwa. Mutwalibu, ambaye hakuwa mtu wa kabila hilo, akaangalia huku na huku.

"Kwani amesema nini kibaya?"

"Amemtaja jina," Olinga akanong'ona. "Amemtaja mkwe wake jina, mbele ya watu, tena na jina la baba yake. Sasa hawezi kukanyaga nyumba yake. Popote."

"Hata kwa pazia?"

"Pazia gani, hajji? Hata kwa mbuzi. Hata kwa ng'ombe."

Apeduno akauinua mkono wa simu hewani, apokee mtu. Alupo akaupokea, lakini hakuuweka sikioni.

"Umefanya makusudi."

"Nimefanya."

"Ungesema tu hutaki kwenda! Una mdomo!"

"Ningesema, ungebishana. Nakujua, nimekuzaa. Ungekaa hapa ukibishana na mimi mpaka ile nyumba ichukuliwe, halafu maisha yako yote ungenichotea maji ukiwa na kinyongo. Sitaki maji ya kinyongo."

"Na nani atakuchotea?"

"Jentrix. Tulishaongea zamani. Wewe ulikuwa hujaniuliza."

Alupo aliumia. Alimkasirikia mama, akajikasirikia mwenyewe, na chini kabisa ya hasira ile akaona kitu kinachomwaibisha: alikuwa amepumua. Mzigo umeshuka, na hakuushusha yeye.

"Alupo?" Simu mkononi mwake ilikuwa ikiita. "Alupo, uko?"

Akaiweka sikioni. Mumewe alikuwa akilia, mwanaume mzima, kule jangwani.

"Ameniita jina," Barnabas akasema. "Tangu nikuoe sijawahi kusikia jina langu kwa mdomo wake. Mwambie... Mwambie nini, Alupo? Mwambie nini?"

"Sijui. Mimi nimechoka kuwaambia watu."

"Mnakuja?"

Alupo akafunga macho. "Tunakuja. Mimi na Christabel. Mwambie tajiri wako ndiyo."

Duka likalipuka. Olinga akarusha kofia, madereva wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi, Mutwalibu akaanza kumweleza yeyote aliyetaka kusikia namna ya kufunga kitambaa kichwani usiunguzwe na jua la jangwani. Wote walikuwa wamemzunguka Alupo, wakimpa mikono, wakimvuta, kila mmoja na lake. Ndipo akaangalia juu ya mabega yao akaona juu ya gunia la sukari hakuna mtu.

Apeduno alikuwa amekwisha kufika mlangoni peke yake. Alisimama ukingoni mwa veranda, pindo la gomesi limekusanywa kwa mkono mmoja, na mguu wake wa kulia ulikuwa hewani, unapapasa, unatafuta ngazi. Hakuna mtu aliyekuwa amemshika.

"Nipisheni!" Alupo akapiga kelele, akaiachia simu ikaning'inia kwa waya wake, Barnabas bado yumo ndani. "Nipisheni jamani, mama yangu!"